Shajara ya mradi: filamu ya eksirei katika kamera ya sentimita 18 kwa 24

11 Januari 2025: filamu, boksi na lenzi

Naiweka shajara hii ili anayetaka kuifuata kazi aweze kuinakili bila kurudia hasara zangu. Kwa hiyo yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka, na yaliyoharibika nitayapa nafasi.

Filamu nimeinunua hapa Dar es Salaam katika duka la vifaa vya hospitali: boksi la karatasi 100 za sentimita 18 kwa 24, aina inayoona kijani, kwa shilingi 85,000. Kila karatasi inaangukia shilingi 850, ilhali karatasi moja ya filamu ya kawaida ya kupigia picha, ya ukubwa unaokaribia huo, ingenifikisha kwenye shilingi 20,000 na ushee kama ningeiagiza ng'ambo, kabla hata ya ushuru.

Urahisi huo una sababu, na sababu yenyewe ndiyo chanzo cha karibu kila tatizo litakaloandikwa humu. Hospitalini filamu hii hufungiwa ndani ya kaseti, ikabanwa katikati ya skrini mbili ambazo miale ya eksirei ikizigonga hutoa mwanga wa kijani, na mwanga huo ndio unaoichora picha kwa sehemu kubwa kuliko miale yenyewe. Kwa kuwa skrini ziko mbili, filamu imepakwa utando wa dawa pande zote mbili. Na kwa kuwa mwanga wa skrini ni wa kijani, utando huo unaona kijani na bluu, lakini wekundu hauuoni kabisa. Kwa ufupi, haikutengenezwa kuitazama dunia.

Kamera ni ya boksi ndani ya boksi, isiyo na mivukuto, iliyoundwa na seremala wa Keko kwa plaiwudi ya milimita 12. Mbao na ufundi vimenigharimu shilingi 60,000. Boksi la ndani linateleza, na umbali kati ya lenzi na filamu unaanzia sentimita 20 hadi 34. Lenzi nimeitoa katika mashine ya fotokopi iliyokufa, kwa fundi wa Kariakoo aliyeniuzia kwa shilingi 30,000 huku akinitazama kama mtu aliyenunua mlango bila nyumba. Urefu wake wa fokasi ni sentimita 21. Ilipokuwa kazini ilikuwa ikinakili A3 kwa ukubwa uleule, na ikiwa sentimita 42 kutoka kwenye ngoma, silinda ya mashine inayopokea picha, nakadiria ilitandaza duara la mwanga la kama sentimita 51. Filamu yangu ina ulalo wa sentimita 30 kamili. Mtu akikaa mita 1 mbele ya lenzi, lenzi inasimama sentimita 26.6 kutoka kwenye filamu na duara linakuwa kama sentimita 32, linatosha. Nikilenga jengo lililo mbali, lenzi inarudi hadi sentimita 21, duara linapungua hadi 25 na nusu, na pembe nne za picha zinamezwa na giza. Kwa hiyo hii ni kamera ya sura za watu. Mwenye kutaka majengo atafute lenzi ndefu zaidi.

Lenzi haina shata wala tundu linalobadilika. Nimeifungua katikati na kuweka kadi nyeusi yenye tundu nililotoboa kwa keekee ya milimita 4.5, yaani takriban f/47 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu), na shata ni kifuniko cha kopo la maziwa ya unga nilichokibandika kitambaa cheusi kwa ndani.

18 Januari: taa nyekundu iliyonidanganya

Raha kubwa ya filamu isiyoona wekundu ni kwamba unaweza kuishughulikia huku unaiona. Nilichukua taa ya kawaida, nikaipaka rangi nyekundu ya kucha tabaka tatu, na karatasi ya kwanza ikatoka kwenye dawa ikiwa nyeusi tititi pande zote.

Niliidhania dawa, kisha nikaidhania kamera, na karatasi tatu zikaenda kabla sijafanya jaribio ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: weka sarafu juu ya filamu mbichi mezani, iache chini ya taa dakika 5, kisha isafishe. Sarafu ya shilingi 200 ilijichora wazi, duara jeupe ndani ya weusi. Rangi ya kucha ni nyekundu machoni petu, ila inapitisha pia njano na kijani kidogo, na kidogo hicho kinatosha.

Suluhisho limekuwa taa ya nyuma ya baiskeli, ile ya LED nyekundu, niliyoinunua shilingi 5,000 na kuitundika mita 1 na nusu kutoka mezani ikielekea ukutani. Sarafu haikuacha alama yoyote hata baada ya dakika 6. Jaribio hili linafaa kurudiwa kila taa inapobadilishwa, kwa sababu LED mbili za rangi ileile si lazima zitoe mwanga uleule.

26 Januari: vishikio vya filamu

Kaseti ya hospitali haifai, kwa kuwa uso wake ni wa bati lisilopitisha mwanga wa kawaida. Nimetengeneza vishikio viwili vya plaiwudi nyembamba, kila kimoja kikiwa na mfereji wa kupitishia kifuniko kinachovutwa.

Kwa vifuniko nilifikiri nimevumbua jambo. Nilizitoa nje juani karatasi mbili zilizokwisha kuharibika, nikazisafisha hadi zikawa nyeusi kabisa, nikaziteleza kwenye mifereji. Nyepesi, hazipindi, na hazikunigharimu kitu. Zilifanya kazi vizuri ndani ya nyumba. Nje, kishikio kilipokaa juani muda wa kunywa chai, filamu yote ilipata ukungu, yaani weusi wa mwanga uliovuja. Weusi wa filamu hupitisha mwanga kidogo, pengine sehemu moja kati ya elfu, na sehemu moja kati ya elfu ya jua la Januari bado ni mwanga mwingi.

Sasa natumia pleti za alumini zilizokwisha kutumika matbaani, unene wake milimita 0.3, ambazo wachapaji huziuza kama chakavu. Nimepata nne kwa shilingi 4,000. Wakati huohuo nilipaka mgongo wa ndani wa vishikio rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu filamu hii haina tabaka la nyuma la kunywa mwanga unaopenya, na plaiwudi nyeupe ilikuwa ikiurudisha ndani na kuizungushia taji kila sehemu yenye weupe mkali.

8 Februari: kuitafuta kasi yake

Nilipiga ukuta wa baraza wenye kivuli cha wazi, nikasukuma kifuniko kwa hatua, ili karatasi moja ipate milia ya sekunde 1, 2, 4 na 8. Mlia wa sekunde 2 ndio uliokuwa sawa, na ukilinganishwa na kipima mwanga cha simu, pamoja na nyongeza inayotokana na lenzi kusogea mbali na filamu, unaifanya kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga, iwe ISO 50.

Nambari hiyo ni ya mchana tu. Siku iliyofuata nilimpiga jirani saa kumi na mbili kasoro robo jioni, jua likiwa la dhahabu na uso wake ukipendeza mno; kipima mwanga kikasema sekunde 4, nikampa 4, na negativu ikatoka nyepesi kama maji ya mchele. Kipima mwanga kilikuwa kikihesabu wekundu ambao filamu haiuoni. Ndani ya nyumba chini ya taa za njano hali ni ileile, na huko naihesabu kasi kuwa 12. Tangu hapo napiga kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini.

22 Februari: dawa ya kahawa na masufuria ya mama

Dawa za dukani za kusafishia filamu zipo, lakini zile za hospitali zina nguvu mno kwa kazi hii: zimeundwa kutoa weusi na weupe bila kitu katikati, kwa kuwa daktari anatafuta ufa wa mfupa na hana haja na ulaini wa shavu. Nimechagua kafenoli, dawa ya kahawa iliyobuniwa mwaka 1995 na wanafunzi wa Scott Williams katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani. Mapishi yanayojulikana zaidi ya lita 1 ni gramu 54 za soda ya kufulia isiyo na maji, gramu 16 za vitamini C halisi na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka. Kahawa si tatizo. Ya Bukoba ipo kila duka, na kila anayeifanya kazi hii atakwambia kuwa robusta huifanya vizuri zaidi kuliko arabika.

Tatizo lilikuwa soda. Sikuipata madukani, ila sokoni magadi yapo kwa fungu, yale yanayotiwa kwenye maharage na makande. Niliyasaga, nikapima gramu 54, nikasafisha karatasi dakika 15, na picha ikatokea kama mtu anayeonekana kwa mbali kwenye vumbi. Niliongeza dakika hadi 30 na nilichopata ni ukungu zaidi, picha ikabaki palepale.

Magadi si soda ya kufulia tupu. Ni chumvi mbili zilizoshikana, kabonati na bikabonati ya sodiamu, pamoja na maji. Bikabonati ni dhaifu, nayo huuzuia ukali ambao vitamini C inauhitaji ili ifanye kazi. Dawa yake ni moto, kwani bikabonati ikipashwa kupita nyuzi 200 hutoa hewa ya ukaa na mvuke, ikageuka kuwa kabonati. Niliweka gramu 100 kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, nikawa nakoroga. Mwanzoni unga ulijilowesha wenyewe na kutokota kama uji mzito, kisha ukakauka, ukawa mweupe na mwepesi, ukiruka kidogo kila mwiko ulipoupita. Nilikuwa napima kila robo saa: 100, 88, 79, 73, kisha 72, na 72 tena. Kwa hesabu, magadi safi yanapaswa kuishia gramu 70. Hizo 2 za ziada nadhani zimeletwa na mchanga, maana nilipoyayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa, kitambaa kilibaki na tope jekundu.

Kosa langu lilikuwa sufuria. Ilikuwa ya alumini, na magadi yenye unyevu huila alumini; ilitoka imetoboka vijitundu na kuwa nyeusi ndani, na mama hajanisamehe. Tumia chuma cha pua au chungu. Sufuria mpya: shilingi 18,000, nayo imeingia kwenye hesabu ya mradi.

Kwa soda iliyochomwa picha ilitokea kwa dakika 10, ila ilikuwa na ukungu wa kijivu na ukali wa kupita kiasi kati ya weusi na weupe. Ukungu ulitulizwa na chumvi ya mezani yenye madini joto, gramu 10 kwa lita, na ukali ulipungua nilipoikata dawa nusu kwa maji. Baada ya dawa nasuuza kwa maji matupu. Siki niliijaribu mara moja, ikakutana na soda ndani ya utando, ikatoa vipovu na kuacha vitundu vidogo kama vya sindano.

8 Machi: mikwaruzo

Karatasi 11 mfululizo zimeharibika kwa mikwaruzo, na hapa ndipo nilipokaribia kuuacha mradi.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba joto si hoja. Mashine za hospitali husafisha filamu hii kwa nyuzi 34 hivi, kwa sekunde 90, na kuipitisha kwenye rola kadhaa bila dosari. Sasa maji yangu ya bomba ya nyuzi 29 yataifanya nini? Jibu ni kwamba dawa ya mashine ina glutaraldehidi, inayoukaza utando usilainike. Kahawa na magadi hayana kitu kama hicho, na soda huuvimbisha. Ndani ya trei utando unakuwa kama jelatini ya mtoto, na kwa kuwa uko pande zote mbili, hakuna upande salama wa kulazia filamu: ukiugeuza kutazama juu, chini unajikwaruza kwenye matuta ya trei.

Nilikata kucha. Nikaweka kioo ndani ya trei, chini ya filamu, na mikwaruzo mirefu ikaisha, ila ikabaki mifupi mahali ambapo filamu ilinata kwenye kioo na kubanduka. Nikagandisha chupa za maji na kuzizungushia trei hadi dawa ikafika nyuzi 23, ikasaidia tena, bila kumaliza. Niliwaza pia kuung'oa utando wa nyuma baada ya kukausha, kwa kuibandika filamu kwenye kioo na kuusugua upande wa juu kwa dawa ya kung'arishia nguo. Utando hutoka kweli, kama ganda la yai lililochemshwa, na picha inakuwa kali zaidi. Lakini unang'oa pia karibu nusu ya weusi wote, kwa hiyo negativu lazima iwe nzito kupita kiasi tangu mwanzo, na katika karatasi zangu mbili dawa ilipenya chini ya gundi na kuula uso wa picha. Kwa anayechapa kwa kugusanisha negativu na karatasi, bila kukuza, naona ni taabu isiyolipa, kwa sababu msingi wa plastiki una unene usiofika milimita 0.2 na ukungu wa upande wa nyuma hauonekani kwa jicho.

22 Machi: tangi la fundi wa samaki

Mtaalamu mmoja wa eksirei, nilipomwonyesha mikwaruzo, aliondoka bila kusema neno, akarudi na fremu mbili za chuma cha pua kutoka stoo: mstatili wa waya wenye vibanio pembe nne, uliokuwa ukitumika kabla ya mashine, wakati filamu zilipokuwa zikizamishwa kwa mkono ndani ya matangi. Ukubwa wake, sentimita 18 kwa 24. Filamu inakaa katikati ya dawa bila kugusa chochote isipokuwa vibanio, ambavyo vinaacha tundu dogo kila pembe.

Kilichobaki ni tangi jembamba. Fundi anayetengeneza matangi ya samaki alinikatia vioo na kuvigundisha kwa silikoni kwa shilingi 15,000: upana sentimita 25, kimo 30, unene 2 na nusu. Linachukua lita 1.7 nikilijaza kwa kiasi, na hapo kahawa inayohitajika ni gramu 34 tu. Nalizamisha ndani ya ndoo yenye maji na chupa mbili za barafu.

Mapishi niliyoyashika sasa, kwa lita 1: kahawa gramu 20, magadi yaliyochomwa na kuchujwa gramu 27, vitamini C gramu 8, chumvi gramu 5, nyuzi 23, dakika 9, ukiinua fremu na kuishusha mara mbili kila dakika. Fiksa, dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ni ya hospitali, nayo naipa mara mbili ya muda ambao filamu imechukua kuwa angavu, kwa kuwa tando ni mbili. Karatasi 6, mkwaruzo hata mmoja hakuna.

Fedha hadi leo, pamoja na fiksa, kahawa, vitamini na sufuria ya mama, ni shilingi 268,000. Karatasi zilizotumika ni 37, na negativu ninazoweza kumwonyesha mtu ni 8.

5 Aprili: Shangazi na kanga yake

Shangazi alikuwa amekataa kupigwa picha ndani ya Ramadhani, akaahidi kukaa mbele ya kamera baada ya Idi, na ahadi ameitimiza. Alikaa barazani, mita 1 kutoka kwenye lenzi, amejitanda kanga ya bluu yenye maneno meupe, sekunde 2 kwa tundu la milimita 4.5.

Negativu ilikuwa safi na picha ilikuwa mbaya. Uso wake ulikuwa mweusi kuliko ulivyo, mikunjo ya paji imekuwa mifereji, na midomo imezama. Ngozi ya kahawia hurudisha zaidi mwanga mwekundu na wa rangi ya chungwa, na huo filamu haiuoni; kipimo cha mwanga kinachotosha ukutani hakitoshi usoni. Shangazi, hata hivyo, hakuutazama uso. Aliisogeza picha karibu na macho, akaipeleka mbali, akasema, "Mwanangu, maneno yangu umeyapeleka wapi?" Kanga ilikuwa kitambaa cheupe kitupu. Kwa filamu hii bluu na nyeupe ni karibu kitu kimoja, na jina la kanga lilikuwa limefutika lote.

Nilimpiga tena mchana uleule akiwa na kanga nyekundu, kwa sekunde 3 na shuka jeupe likimrudishia mwanga kutoka ubavuni. Uso ulirudi mahali pake. Maneno yalikuwa yanasomeka herufi kwa herufi, meupe juu ya weusi, ingawa maua meusi yaliyokuwa kwenye ule wekundu yalipotea. Akasema hiyo ni nzuri, ila kanga aliyoitaka ni ile ya bluu.

19 Aprili: kichujio cha njano

Kichujio cha njano huzuia bluu na kuacha kijani. Nimepata kipande cha jelatini ya njano ya taa za jukwaani, nikakibana pamoja na kadi ya tundu katikati ya lenzi. Milia ya majaribio imeonyesha kinahitaji mwanga mara 4 zaidi, kwa hiyo zile sekunde 3 zingekuwa 12, na Shangazi hawezi kutulia sekunde 12 bila kumjibu mtu anayepita. Nimetoboa kadi nyingine kwa keekee ya milimita 9.5, yaani f/22, na muda umerudi kwenye sekunde 3.

Tundu kubwa lina bei yake. Umbali unaobaki mkali, kwa makadirio yangu, ni kama sentimita 15 tu, kwa hiyo kanga iliyolala magotini ilikuwa ukungu wakati macho yalikuwa makali. Safari ya pili alijitanda begani, pindo likapita kifuani chini kidogo ya kidevu, na kichwa nikakiegemeza ukutani kwa mto mdogo usioonekana. Masika yalikuwa yametanda, kivuli ni laini hata bila shuka.

Negativu inaning'inia bafuni sasa hivi, bado inadondosha maji. Nimeishika pembeni na kuitazama dhidi ya dirisha: kanga imetoka ya kijivu cha kati, na maneno yamesimama juu yake kinyumenyume, meusi, yote yapo. Jicho la kushoto limetikisika kidogo. Karatasi zimebaki 52, na Shangazi ametuma salamu kwamba Jumamosi ijayo anakuja na kanga ya kijani.